Kadi Mbili za Chumba Namba Kumi na Nne

Janice Ormerod alikuwa ameshamwaga pipa la taka na kutia mfuko mpya kabla hajaziona zile kadi. Zilikuwa juu ya meza ya mwalimu, kando ya bahasha ya kijivu iliyochanwa mdomo, zimebanwa mbilimbili kwa vibanio. Kila jozi ilibandikwa kijikaratasi cha njano. Jozi moja iliandikwa Annika. Nyingine iliandikwa Holly.

Kijerumani cha kidato cha sita katika shule ile kilikuwa na wanafunzi wawili tu, na Holly alikuwa mmoja. Holly huyo alikuwa mtoto wa Janice wa kumzaa.

Hakuhitaji kuambiwa kadi zile ni za nini. Mwaka mmoja na nusu nyumbani kwake hapakuzungumzwa jambo jingine. Alishajua kwamba Kijerumani cha kidato cha sita si kile cha kusema naitwa fulani, ninapenda kuogelea, nina paka mmoja. Huku unasoma kitabu kizima na kukiandikia insha, unatazama filamu moja hiyo hiyo mara tisa, unatafsiri kwenda na kurudi, unafanya utafiti wako mwenyewe. Halafu linakuja lile linalowatapisha watoto asubuhi: mtihani wa kuzungumza. Unawekewa kadi mbili, unachagua moja, unapewa dakika tano na penseli, kamusi hakuna. Kisha unaingia kwa mwalimu wako mwenyewe, ambaye siku hiyo anajifanya hakujui, kinasa sauti kinawashwa, na unaanza kusema. Holly alikuwa na ahadi ya nafasi chuo kikuu, kusoma Kijerumani hicho hicho, kwa sharti la kupata A. Akipata B, nafasi hakuna.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja kasorobo jioni, mvua ya Burnley, kaskazini mwa Uingereza, inapiga madirisha kama kawaida yake, na mwalimu hayupo.

Janice aliutazama mlango. Akaitazama kadi ya juu ya jozi ya Holly. Kijerumani hakukijua hata cha kuombea maji. Lakini simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na mkono ukaitoa. Alipiga picha moja. Alikuwa ameshashika kibanio ili afunue kadi ya chini pale aliposikia viatu vinakuja mbio koridoni.

Bibi Haworth, mwalimu, aliingia uso hauna damu. Alikwenda moja kwa moja mezani akazihesabu kadi, akazihesabu tena.

"Umegusa kitu hapa?"

"Nimemwaga pipa tu."

"Meza hukuigusa?"

"Meza huwa nafuta mwisho."

Mwalimu alijibwaga kwenye kiti. "Kuna mtoto ameanguka ngazi, wakaniita. Nimetoka dakika nne. Hizi haziruhusiwi kuachwa hata dakika moja, zinatakiwa kuwa chini ya ufunguo. Tafadhali sana, Janet. Tuliache hapa hapa. Mimi nina miaka miwili tu nistaafu."

"Janice," alisema Janice.

"Unasemaje?"

"Hamna neno. Sisemi kwa mtu."

Beji kifuani mwake iliandikwa JANICE kwa herufi ambazo kipofu angezipapasa akazisoma. Lakini Bibi Haworth alikuwa akimwita Janet tangu Septemba ya mwaka juzi, na zaidi ya hilo hakujua yeye ni mama wa nani. Hapo hakuwa na kosa. Janice aliajiriwa na kampuni ya usafi, si na shule. Na wiki ile ya kwanza ya kidato cha tano, Holly alimwambia wakiwa jikoni, akiangalia pembeni, "Mama, ukinikuta na wenzangu, usiniite. Siyo kwamba naona aibu." Janice akamuuliza ni nini basi, na Holly akasema, "Wewe usiniite tu." Basi hakumwita. Kwenye kikao cha wazazi alikwenda mumewe Keith peke yake, na shati lake la harusini, akarudi akisema hakuelewa chochote ila viti vilikuwa vidogo.

Janice alifuta ubao, akafuta meza, akatoka na ndoo yake.

*

"Bustani hizi za kukodi," Holly alikuwa akisema jioni ile mezani, kwanza kwa Kijerumani, kisha kwa lugha ya nyumbani ili baba yake asilalamike, "zina kanuni zake. Theluthi moja ya kiwanja lazima uoteshe vitu vya kuliwa. Na ua usizidi urefu uliopangwa."

"Kuna mtu anapita na rula?" Keith aliuliza, mdomo umejaa pai na njegere za kupondwa.

"Kuna kamati, baba."

"Kamati ya ua. Babu yako angekuwa hai wangemfunga. Kile kiwanja chake kilikuwa na bafu bovu na mabati, kiazi kimoja."

"Ndiyo maana nimechagua hii mada. Babu alinipeleka kule kila Jumamosi, nikasema nitafute kama wenzetu nao wana kitu kama kile. Leipzig, kule Ujerumani, ziko maelfu." Holly alisukuma sahani yake. Hakuwa amekula hata nusu. "Utafiti hauniogopeshi. Ninachoogopa ni ile kadi. Nikipewa Muungano, nimekwisha."

"Muungano wa nini?"

"Wa Ujerumani mbili. Mwaka tisini. Mashariki viwanda vinafungwa, watu wanahama, wanaobaki wanachukia."

"Viwanda kufungwa?" Keith alicheka. "Waje Burnley tuwapeleke matembezi."

Holly hakucheka. "Na mtahini wa nje, akipelekewa sauti zetu, anamsikiliza Annika kwanza, halafu mimi. Mama yake Annika ni wa Hamburg. Yule akiota, anaota kwa Kijerumani. Mimi nikifungua mdomo nasikika kama mtu aliyemeza kijiko."

Janice alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo kwao. Simu ilikuwa mfukoni na aliisikia pale ilipo kila akipumua. Alikuwa ameitazama ile picha ndani ya basi, ameificha kwa kiganja. Mistari ya Kijerumani, maswali matatu chini, na katikati ya yote vitu viwili hata yeye aliweza kuvisoma: Berlin, na 1990.

Alijiambia asiseme kitu. Akasema.

"Kwa nini usiurudie huo Muungano basi? Leo leo."

Nyuma yake uma ulitua sahanini. "Kwa nini Muungano?"

"Si ndio umesema unakutisha."

"Sikukuu pia zinanitisha. Muziki pia. Wahamiaji pia."

"Mimi nimesema tu, mwanangu," Janice alisema, na maji ya moto yakammwagikia mkononi, na hakuyasikia.

*

Jumatano aliitwa. Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa stoo ya mafagio: aliyesafisha ghorofa ya kwanza jana aende kwa afisa wa mitihani kabla hajaanza kazi.

Bwana Crabtree alikuwa mwanamume mfupi, nadhifu kupita kiasi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakumwambia akae. Alimwambia kamera ya koridoni ilimwonyesha Bibi Haworth anatoka chumba namba kumi na nne na mlango uko wazi, kisha inamwonyesha mfanyakazi wa usafi anaingia.

"Bibi Haworth anasema makaratasi yote yalikuwa ndani ya droo, na droo ilifungwa. Wewe uliona nini?"

"Sikuona makaratasi."

"Nayazungumzia makaratasi ya siri. Unaelewa nikisema ya siri?" Alilitamka neno polepole, kama anavyosemeshwa mtu wa nje.

"Naelewa."

"Kwa sababu mwanafunzi akipata kuona kitu kabla ya siku, mimi sina hiari. Naandika kwa bodi ya mitihani. Na bodi haifuti Kijerumani peke yake, inaweza kufuta masomo yote matatu. Miaka miwili ya mtoto inakwenda na maji." Alichomoa kalamu ya katikati. "Swali la mwisho, ni la kawaida, namuuliza kila mtu. Una mtoto au ndugu anayesoma hapa?"

Saa ya ukutani ilikuwa na sauti. Janice aliitazama, akaitazama kalamu, akafikiria yale masomo matatu.

"Sina," alisema.

"Huna mtoto hapa?"

"Sina mtoto hapa."

Akapewa karatasi, akatia sahihi. Jina lake la ukoo aliliandika kwa kulivuruga kusudi, likawa kama nyuzi zilizotatizana, na Bwana Crabtree hakuliangalia, maana nani anaangalia jina la ukoo la mfagiaji. Kule stoo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa ameshawahi kusema uongo maishani, nani hajasema. Lakini kumkana mtoto kwa mdomo wake, na kutia wino, hilo hakuwahi. Aliitoa simu akaifuta ile picha. Halafu akashika dekio, kwa sababu saa ilikuwa imefika.

*

Alidhani yamekwisha hapo. Alhamisi, kabla ya kwenda kazini, alikichukua kishikwambi cha Holly jikoni ili akipanguse mafuta, kioo kikawaka, na mbele yake ikatokea picha ya keki ya mpwa wake. Keki hiyo aliipiga picha yeye, wiki iliyopita, kwa simu yake.

Alikaa. Kwa kidole kimoja alisogeza. Keki. Mpwa wake kapakaa krimu puani. Paka wa jirani. Zote zake. Sasa akakumbuka Krismasi, Keith amekaa sakafuni akijisifu kwamba ameunganisha simu na vishikwambi vyote vya nyumba kwa akaunti moja, kwa bei ya moja. Ile picha ya kadi aliifuta kwenye simu, na huku imefutika, lakini kulikuwa na pipa la vilivyofutwa, na ndani yake, peke yake, ilikuwapo kadi. Berlin. 1990.

Kutoka Jumanne jioni mpaka Jumatano mchana. Saa ishirini na kitu. Na Holly hakitui hiki kishikwambi hata akienda msalani.

Aliifuta na humo. Alipoinua macho aliona jambo jingine. Faili la kijani, la Muungano, ambalo kwa majuma limekuwa mezani kati ya chumvi na siki, halikuwapo. Lilikuwa juu ya kabati, limewekwa mbali, na juu yake limewekwa sufuria.

Hofu iliyomwingia ilikuwa ya namna nyingine sasa. Kama Holly ameiona na akaikariri, faili halina kazi tena. Basi mtoto wake ni mwizi, na aliyemfundisha ni yeye. Na kama wakimgundua? Mtu aliyekariri husikika. Bibi Haworth, na miaka yake thelathini darasani, angesikia katika dakika ya kwanza.

Holly alishuka ngazi. "Unafanya nini na kishikwambi changu?"

"Nakipangusa mafuta."

Walitazamana. Holly alikuwa na weusi chini ya macho. Janice alitaka kusema, na akaona kwamba akisema neno moja, kila kitu kinakuwa kweli. Akaogopa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, hakuna haja ya kumpamba.

"Kuna mayai," alisema.

"Sina njaa," alisema Holly, na akakichukua.

*

Ijumaa aliomba zamu ya asubuhi, akamdanganya msimamizi wake kwamba anakwenda kwa daktari wa meno mchana. Kwenye korido ya ghorofa ya kwanza vilibandikwa vibao vya KIMYA, na Bwana Crabtree alikuwa amesimama katikati ya milango miwili, ule wa chumba cha kujiandalia na ule wa namba kumi na nne, mikono nyuma. Alimwona Janice na dekio akampa ishara ya kidole mdomoni.

Mama yake Annika alikaa kwenye kiti ukutani na shada la maua mapajani. Dekio lilipomfikia aliinua miguu yote miwili kwa adabu. Annika alikuwa ameshaingia. Baada ya robo saa na kitu akatoka anacheka, akabusiwa, akapewa maua.

"Kazi ngumu kuwa mzazi wiki hii," mama yule alimnong'oneza Janice, kwa uzuri tu, akiokota mkoba wake. "Wewe una watoto?"

Bwana Crabtree alikuwa hatua nne kutoka pale. Janice aliinama akakamua dekio. Alilikamua mpaka likakauka, na mama yule, akidhani hakusikia, akatabasamu akaenda zake na mwanawe.

Halafu Holly akapita. Alitoka chumba cha kujiandalia na kadi moja mkononi na karatasi ya penseli, akapita karibu kiasi cha Janice kusikia harufu ya sabuni ya nyumbani kwao, na hakumtazama. Mlango ukafungwa.

Maneno hayakusikika, sauti tu. Sauti ya Bibi Haworth, fupi, kisha ya Holly. Janice alipangusa vigae vile vile vinne. Alingoja ile sauti ya mtu anayesoma kitu kilichomo kichwani, inayoteleza bila kusita. Badala yake ukaja ukimya. Mrefu. Ukaja mwingine. Holly alianza, akakatika, akaanza upya. Kuna mahali alinyamaza mpaka Bwana Crabtree mwenyewe akaangalia saa. Sehemu ya mwisho sauti ilipanda kidogo, ikapata mwendo, na Janice akajua hapo ni kwenye bustani, kwa babu yake.

Mlango ulifunguliwa. Holly alitoka, macho mekundu, shingo imejaa mabaka. Nyuma yake Bibi Haworth alikuwa akiandika kitu juu ya bahasha.

Mwaka mmoja na nusu Janice alikuwa amelingoja jambo moja katika korido ile, na sasa aliomba kwa roho yake yote lisitokee. Alirudi nyuma. Aligonga ndoo. Alitikisa kichwa, kidogo, usifanye, pita, nenda.

"Mama," alisema Holly.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, ya kusikika na kila mtu, akavuka vigae vyenye maji akamkumbatia, dekio likiwa katikati yao. Mdomo wake ulikuwa sikioni mwa Janice.

"Niliiona," alinong'ona. "Jumanne ile ile. Sikuligusa tena lile faili, nilijua nikiligusa nitashindwa kujizuia. Na leo wameniwekea mbili, na moja ni ile. Maswali yote matatu, mama, nilikuwa nayajua. Nikachukua nyingine."

"Ya nini?" Janice hakujua kwa nini aliuliza hilo.

"Muziki. Nimeharibu. Nadhani nimeharibu kabisa." Alikuwa analia sasa. "Lakini hakuna mtu wa kutushika kwa chochote. Ndiyo maana nikasema nikitoka nakuita. Nilishaona aibu ya kutosha mimi."

Holly hakujua kuhusu ile karatasi iliyotiwa sahihi. Angejuaje? Juu ya bega la mwanawe Janice alimwona Bwana Crabtree amegeuka mwili mzima, na nyuma yake mwalimu amesimama mlangoni, bahasha kifuani, mdomo wazi, akitazama beji kana kwamba imeandikwa leo.

"Samahani," Bwana Crabtree alisema. "Huyu mwanafunzi amekuita nani?"

Kulikuwa na njia bado. Watoto huwaita watu wazima mama, imemtoka tu, amechanganyikiwa na mtihani. Janice aliliona lile jibu limeiva kabisa, na aliona lingekubaliwa, kwa sababu hakuna katika korido ile aliyetaka shida. Bibi Haworth hasa alikuwa akimsihi kwa macho. Mkono wa Holly ulikuwa umeshika aproni yake kwa nyuma, kama alivyokuwa akishika siku za shule ya chekechea. Janice aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, aliogopa yale masomo matatu, aliogopa Agosti ya matokeo, aliogopa uso wa Keith.

Aliliegemeza dekio ukutani.

"Juzi uliniuliza kama nina mtoto hapa," alisema. "Ninaye. Ni huyu. Na kabla hujaandika neno lolote kwa bodi yako, ukamsikilize kwanza kwenye hicho kinasa sauti, usikie amechukua kadi gani. Kadi niliyoiona mimi siyo aliyoichukua yeye. Ya kwake ni ile nyingine."

Bwana Crabtree alichomoa kalamu, akairudisha, akachomoa ile ya pembeni. "Jina lako kamili," alisema.

"Janice Ormerod," alisema, na akalitaja herufi moja moja.